Mchana Chukudu, Jioni Ngumi

Kijana anayeshuka na chukudu kutoka Kibumba, kaskazini mwa Goma, kabla ya jua kuchomoza hahitaji mtu wa kumweleza maana ya kukaza misuli. Chombo chenyewe ni mbao nzito, mara nyingi za mkaratusi, na magurudumu mawili madogo ya mbao yaliyovalishwa mpira. Juu ya ubao kimepigiliwa kipande cha tairi kuukuu cha kuwekea goti. Goti moja hukaa hapo, mguu wa pili husukuma ardhi. Mteremko unapokuwa mkali, breki ni kisigino kinachokandamiza kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Mzigo ni viazi, kabichi, maharagwe, au magunia ya makaa yaliyopangwa hadi kumzidi dereva kimo, na uzito wake hufika kilo mia kadhaa. Anapoingia Goma, watu wengine ndiyo kwanza wanafungua milango.

Jioni, baadhi ya vijana hao huonekana mahali pengine kabisa. Wanaruka kamba kwenye sakafu ya saruji, wamefunga mikono kwa vitambaa, wanasubiri zamu ya kuvaa glavu ambazo klabu nzima inagawana. Pembeni yao wapo wavunja mawe, wapagazi wa bandarini, wamotari walioegesha pikipiki nje, mafundi wa gereji wenye oili kwenye kucha. Hao ndio mabondia wa Goma. Kazi iliwatangulia ulingoni, na kesho itawaamsha tena, wawe wameshinda pambano au wamepigwa.

Wapenzi wa ndondi wamezoea kulitukuza jambo hili. Husemwa kwamba ugumu wa kazi ndio unaomtengeneza bingwa, kwamba chukudu na nyundo ni mazoezi ya bure aliyopewa maskini. Historia ya ndondi katika Afrika Mashariki na Kongo haikubaliani na maneno hayo. Inaonyesha kwamba mabondia wengi waliofika mbali walifika pale kazi ilipowaachia saa za kupumzika, na kwamba Goma haijawahi kuwapa wapiganaji wake kazi ya namna hiyo.

Turudi mwaka 1974. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, Muhammad Ali na George Foreman walipanda ulingoni katika Uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5, na serikali ya Rais Mobutu ndiyo iliyosimama nyuma ya fedha hizo. Raundi ya 8 Foreman akaanguka, na jina la Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, likatamkwa dunia nzima. Kwa usiku mmoja nchi ilitoa dola milioni 10 kwa mabondia wawili, wote wageni.

Nchi iliyotoa fedha hizo ilikuwa imeanza kuteleza. Mwezi Novemba 1973 Mobutu alikuwa ametangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire, na nyingi ziliangukia mikononi mwa watu wasiojua kuziendesha. Bei ya shaba, iliyokuwa nguzo ya hazina, ilikuwa imeanza kuporomoka miezi kadhaa kabla ya pambano lile. Malori yakakosa vipuri, barabara zikaliwa na mvua. Kivu, eneo la Goma, mbali na mji mkuu, iliumia mapema. Ilikuwa katika miaka hiyo ya 1970 ndipo chukudu ikaenea katika vilima vya kaskazini mwa Goma na kuchukua nafasi ya lori lililokuwa limekufa kando ya njia. Kwa hiyo muongo uleule ulioipa Zaire pambano kubwa la karne uliwapa vijana wa Kivu kazi ya kusukuma mizigo kwa mguu mmoja.

Majirani walipita njia nyingine, tena njia ya zamani. Jeshi la wakoloni Waingereza, King's African Rifles, lilipenda ndondi na kuwaachia askari wake nafasi ya kujifua. Idi Amin alikuwa bingwa wa Uganda wa uzito wa juu mwepesi kwa miaka kadhaa kuanzia 1951 akiwa askari wa jeshi hilo. Baada ya uhuru, desturi ile haikufa. Nchini Uganda, jeshi, polisi na magereza viliendelea kuwa na timu. Nchini Kenya, kando ya majeshi, polisi na magereza, hata kiwanda cha bia cha Kenya Breweries kilikuwa na mabondia wake. Kijana aliyepiga vizuri aliandikwa kazi, na mshahara ukaja mwisho wa mwezi.

Uzuri wa mpango huo ulikuwa mambo madogo yasiyopigiwa makofi. Bondia askari alikuwa na kitanda kambini, daktari wa kumtazama mkono ukivimba, na mkubwa aliyetia sahihi ruhusa ya wiki kadhaa za kambi ya mazoezi bila kumkata mshahara. Katika mazingira hayo Kenya ilimpata Philip Waruinge, aliyerudi na shaba ya Olimpiki kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972. Uganda ilipata medali mbili Mexico, kwa Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo. Mwaka 1988 Robert Wangila alichukua dhahabu mjini Seoul. Hata katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, Nick Okoth wa Kenya alitoka jeshini, na Elly Ajowi alitoka polisi. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na wapo mabingwa waliosahaulika mara tu walipovua sare. Lakini uliwalisha wakati wakipigana.

Zaire nayo ilikuwa na makampuni makubwa, na kama nchi ingetulia pengine yangefanya vivyo hivyo kwa mabondia wa mashariki. Hayakudumu. Sominki, kampuni iliyoshika bati na dhahabu ya Kivu, iliyumba baada ya bei ya bati kuanguka duniani mwaka 1985. Mashamba ya kahawa na chai yakarudi porini moja baada ya jingine. Mishahara ya serikali ikawa haitoshi hata nauli. Mtu aliyetaka kujifunza ngumi Goma katika miaka ya mwisho ya Mobutu hakuwa na lango la kiwanda la kubisha. Alikuwa na soko, bandari na barabara.

Kisha vikaja vita. Mwezi Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao milioni moja walivuka mpaka na kuingia Goma na viunga vyake kwa siku chache, na kipindupindu kikaua maelfu. Mwaka 1996 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila na washirika wake yaliuteka mji. Kuanzia 1998 hadi 2003 Goma ilikuwa makao makuu ya waasi wa RCD. Mwezi Novemba 2012 waasi wa M23 waliushika kwa siku zisizofika wiki mbili. Kila mara kijana mwenye mabega mapana alitazamwa kwa jicho moja tu: anaweza kubeba bunduki au hawezi. Wengi walibebeshwa wakiwa bado watoto.

Mmoja wao ni Balezi Bagunda, ambaye Goma inamjua kwa jina la Kibomango. Alikuwa askari akiwa mtoto, akatoka vitani na jicho moja. Ngumi zikawa maisha yake, kwanza kama bondia, baadaye kama kocha wa klabu ya Amitié, maana yake urafiki. Alikusanya watoto waliowahi kushika bunduki, watoto wa mitaani, na baadaye wasichana waliotaka kujua namna ya kujilinda katika jimbo ambako ubakaji umetumiwa kama silaha. Waandishi wengi wa kigeni wamemwandika kama habari ya mtu aliyeokolewa na ndondi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Wanafunzi wake wakimaliza mazoezi hurudi mtaani kutafuta chakula, na mtaa wa Goma una kazi za aina chache kwa mtu asiye na cheti.

Uganda ina kisa kinachofanana, na tofauti yake inafundisha. Kassim Ouma alichukuliwa akiwa mtoto mdogo na jeshi la waasi la Yoweri Museveni, National Resistance Army. Waasi walipoingia madarakani mwaka 1986, jeshi lile likawa jeshi la taifa, nalo lilikuwa na timu ya ndondi. Ouma alikulia ndani ya timu hiyo, akasafiri nayo, na mwaka 1998 akabaki Marekani. Mwezi Oktoba 2004 akawa bingwa wa dunia wa IBF. Utoto wa Ouma na wa Kibomango uliibwa kwa namna moja. Lakini Ouma alikuwa na taasisi iliyomlipa akijifunza ngumi, ijapokuwa ilikuwa taasisi ileile iliyomwibia utoto. Kibomango ilimbidi aijenge mwenyewe klabu yake, bila mfadhili wa kudumu.

Kazi moja katika hizo chache za Goma ililetwa na mlima. Nyiragongo ulilipuka tarehe 10 Januari 1977, ukalipuka tena tarehe 17 Januari 2002. Mara ya pili lava ilipita katikati ya mji, ikala sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia ziwani, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki bila makao. Ilipopoa, watu walianza kujenga juu yake na kwa kutumia yenyewe. Kuta za Goma, nyua za Himbi, misingi ya nyumba za Majengo na Ndosho, vyote vimejaa jiwe jeusi la volkano. Mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021 ulipofunika vijiji na vitongoji vya kaskazini mwa mji, wavunja mawe walijua tangu siku ya kwanza kwamba kazi imeongezeka.

Kazi hiyo ina ngazi zake. Wanaume huchimbua mabamba kwa mtarimbo na kuyapasua kwa nyundo kubwa. Wanawake na watoto hukaa chini wakigonga vipande kuwa kokoto, rundo baada ya rundo, wakisubiri lori la mnunuzi. Jiwe la lava lina matundu, na likipasuka makali yake hukata ngozi. Mtazame bondia aliyeshinda huko tangu asubuhi anapofunga mikono jioni. Kitambaa kinapita juu ya vidonda ambavyo havijakauka. Vidole vimekakamaa kwa kushika mpini, na ngumi haifungi sawasawa, kidole gumba kinakataa kushuka mahali pake. Ngumi isiyofunga vizuri ndiyo inayovunja mifupa midogo ya kiganja, si ya mpinzani bali ya mwenyewe. Akiumia hapo, amepoteza mambo mawili kwa pigo moja, kwa sababu mkono wa ngumi ndio mkono wa nyundo.

Chukudu nayo ina deni lake. Inajenga mguu mmoja unaosukuma na kuchakaza goti la pili linalobeba uzito. Mapafu yanapanuka, ndiyo, hasa katika mji ulio karibu mita 1,500 juu ya bahari. Lakini ndondi hutaka miguu miwili inayocheza kwa wepesi, na hutaka mwili uliopumzika, kwa kuwa kasi na uamuzi ndivyo vinavyokimbia kwanza mtu akichoka. Kocha yeyote wa Goma anakijua kichwa kinachochelewa kukwepa saa kumi na moja jioni. Hakuna dawa yake isipokuwa usingizi na chakula, na vyote viwili vinanunuliwa. Ugali upo, sombe ipo, na sambaza wa Ziwa Kivu hupatikana siku mfuko unaporuhusu.

Watakaobisha watamtaja James Braddock. Katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi wa Marekani, Braddock alibeba mizigo bandarini huko New Jersey. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika mara kadhaa, hivyo akatumia zaidi wa kushoto, na mkono huo ukapata nguvu ambayo hakuwa nayo. Tarehe 13 Juni 1935 alimshinda Max Baer na kuwa bingwa wa uzito wa juu. Kisa ni cha kweli na kinapendeza. Kinachosahauliwa ni kwamba Braddock alikuwa bondia wa kulipwa aliyekomaa miaka mingi kabla ya kufika bandarini. Bandari haikumfundisha ngumi, ilimkuta nazo.

Mfano wa karibu zaidi na Goma ni Francis Ngannou wa Kameruni. Akiwa mtoto, huko Batié, alichimba na kupakia mchanga kwenye machimbo. Aliota ndondi, lakini alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka 22. Aliondoka nyumbani mwaka 2012, akapita jangwa na bahari, akafika Paris bila mahali pa kulala. Huko alipata ukumbi wa mazoezi na watu waliompa nafasi ya kutofanya kitu kingine ila kupigana. Tarehe 27 Machi 2021 alimwangusha Stipe Miocic na kuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mieleka. Na Miocic alikuwa nani? Zimamoto wa Ohio, aliyeendelea na kazi yake hata alipokuwa na mkanda. Usiku ule walikutana wanaume wawili wa kazi za nguvu, lakini kazi zao hazikufanana. Ya Miocic ilikuwa na zamu, mshahara na wakubwa waliojivunia jina lake. Ya Ngannou ilimchelewesha miaka kumi.

Mashariki ya Kongo ina shahidi wake. Popole Misenga alizaliwa Bukavu, upande wa pili wa Ziwa Kivu, mwaka 1992. Vita vilimtenga na familia yake akiwa na umri wa miaka 9. Judo aliifahamu akiwa mtoto aliyehamishwa, akapanda hadi timu ya taifa. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia pamoja na Yolande Bukasa, naye mzaliwa wa Bukavu, na wote wawili wakakimbia timu iliyokuwa ikiwatesa wanaposhindwa. Huko Brazili aliishi kwa vibarua hadi kocha Geraldo Bernardes alipowapokea wote wawili. Mwaka 2016 walivaa sare ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika Olimpiki. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India kabla ya kutolewa na bingwa wa dunia kutoka Korea Kusini. Mtu wa Kivu ilimbidi apoteze nchi ndipo apate ratiba ya mazoezi.

Wengine pia walilazimika kuondoka. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alikuwa bingwa wa dunia wa WBA mwaka 1987 akipigania Italia. Ilunga Makabu, mzaliwa wa Kananga, alijengwa Afrika Kusini kabla ya kurudi Kinshasa tarehe 31 Januari 2020 na kuchukua mkanda wa WBC mbele ya watu wake. Mafanikio ya Wakongo hawa ni makubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekomazwa na klabu ya Kivu. Si kwa sababu Kivu haina vipaji. Mwenye macho na asimame jioni moja kando ya klabu yoyote ya Goma.

Katika Olimpiki ya Paris, mwishoni mwa Julai 2024, bondia Marcelat Sakobi wa Kongo alishindwa kwa pointi, kisha kabla ya kushuka ulingoni akaziba mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili vya mkono mwingine kwenye kichwa chake kama bastola. Timu ya taifa ya mpira ilikuwa imefanya ishara hiyohiyo mwezi Februari kwenye Kombe la Afrika. Ujumbe ulikuwa kuhusu mashariki: watu wanauawa, na dunia imenyamaza. Wapenzi wa ndondi wa Goma walitajwa mbele ya dunia na mwanamke mwenye glavu.

Miezi sita baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, M23 waliingia Goma. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na watu waliokuwa na kazi za mshahara wakajikuta sokoni pamoja na wale ambao hawajawahi kuwa nazo. Kibarua kikawa adimu na malipo yake yakashuka, kwa kuwa mikono imeongezeka na fedha imepungua. Bondia aliyekuwa akipata siku tatu za kazi kwa wiki na kujifua siku zilizobaki sasa huenda popote mzigo ulipo, saa yoyote unapofika.

Kwa hiyo ombi ni kwa walio Goma na wenye chochote cha kuajiria: wenye maboti ya Bukavu, wenye maghala, wenye gereji, kampuni za ulinzi, parokia na shule zenye bustani na malango. Hakuna anayeombwa kujenga ukumbi. Mchukueni bondia mmoja, mumpe zamu ya asubuhi, mumlipe kwa mwezi badala ya kwa gunia, mumwache aondoke saa tisa alasiri, na akivunjika kidole mumpeleke hospitali. Magereza ya Uganda na polisi wa Kenya hawakufanya zaidi ya hayo.